Bwana Bado na Gogo la Posa

Mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, alinukia nta maisha yake yote. Alioga, akavaa nguo iliyopigwa pasi, akajipaka manukato ya siku ya ibada, na bado ile harufu ya nta iliyochemshwa ilimtangulia mlangoni. Aliyeketi safu ya nyuma yake aliweza kufumba macho na kujua ni nani aliyeinama mbele. Kwa sababu hiyo wengine walimwita Mzee wa Nta. Lakini jina lililoshika, ambalo aliliitikia hata alipoitwa kutoka ng'ambo ya barabara, lilikuwa Bwana Bado.

Kazi yake ilikuwa kukausha mbao ngumu. Najua wapo wasomaji ambao hawakupata kusikia kwamba hiyo ni kazi, kwa kuwa hudhani mbao hujikausha zenyewe kama nguo kambani. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba kazi yake ni kuzuia jambo lisitokee, na kwamba mtu wa kazi kama hiyo hana cha kuwaonyesha wageni. Fundi wa viti huonyesha kiti. Mjomba alionyesha ufa usiokuwapo.

Ubao mbichi, alinieleza zamani hizo nilipokaa kwake nikisoma, ni kama fungu la mirija iliyojaa maji na kufungwa pamoja. Ubavuni maji hutoka taratibu sana. Lakini kwenye ncha, pale msumeno ulipoikata mirija ikabaki midomo wazi, maji hukimbia. Basi ncha husinyaa wakati tumbo la ubao lingali limevimba, na viungo vya mwili mmoja vikianza kuvutana hivyo, mahali fulani pataachia. Mbao laini husamehe kidogo. Mvule, mninga na jamaa zao hawasamehe. Ndiyo maana nta ilikuwa haimtoki mikononi: alizipaka ncha za ubao siku ileile ulipopasuliwa, kabla jua halijazigusa, ili kuiziba ile midomo na kuyalazimisha maji yatoke kwa adabu.

Habari ya gogo la posa nimeipokea kwa mama yangu, aliyekuwapo, kisha nikaisikia mara nyingi kwa mkaza mjomba, ambaye hakuacha hata siku moja kumsahihisha wifi yake. Nimechukua yale waliyokubaliana, pamoja na machache ambayo hawakukubaliana ila yalinifurahisha.

Karakana ilikuwa mwisho wa mtaa wa mafundi, baada ya mchomeleaji wa vyuma na kabla ya mashine ya kusaga nafaka. Mbele palipangwa milango na vitanda vya kuuza. Katikati palikuwa na benchi za kazi, na sakafu iliyofunikwa na maranda hata miguu haikutoa sauti. Nyuma, ukivuka ua mdogo, palikuwa na banda la mbao lenye paa la bati na madirisha ya mbao pande mbili. Mwenyewe alikuwa seremala aliyefiwa na mkewe kitambo, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, kana kwamba wengine wote walikuwa wakijaribu tu. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyekuwa akipiga msasa na vanishi kazi zote zilizotoka pale. Mama alisema kwamba mikono ya binti huyo ilikuwa na vumbi jekundu la mninga mpaka kwenye viwiko, na kwamba alipocheka alijifunika mdomo kwa mkono, akabaki na masharubu.

Fundi alikuwa na uadui na nyufa. Siku moja, kabla ya mambo haya, alimtengenezea mteja mkubwa milango ya mbao alizohakikishiwa kuwa kavu. Mlango wa mbele ulikaa wiki chache, kisha ukapasuka kwa kishindo, wenye nyumba wakiwa mezani na wageni wao; mgeni mmoja alilala chini akidhani ni bunduki. Kisa hicho kilitembea mjini kuliko milango yote mizuri aliyopata kuitengeneza. Tangu hapo Fundi hakununua ubao kabla ya kupitisha kidole gumba kwenye ncha zake zote, polepole, kama kipofu anayesoma.

Mjomba wakati huo alikuwa kijana, akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao ng'ambo ya mto, na ndiye aliyekuwa akileta mbao karakana. Alileta, akarudi, akaleta tena, mpaka mchomeleaji akaanza kumuuliza kama anahama kwa mafungu. Wazazi wao walikuwa wamekwisha kufariki, kwa hiyo siku ya kwenda kuposa alimchukua mama yangu, dada yake mkubwa, awe msemaji.

"Tumekuja kwa heri, mzee," mama alianza.

"Heri gani hii inayokuja imevaa viatu vipya?" Fundi alijibu, akiitazama miguu ya mjomba.

Mama akaeleza shida yao kwa maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima. Fundi alisikiliza huku akichungulia uani, ambako siku hiyohiyo lilikuwa limeshushwa gogo la mvule nene kiasi kwamba watu wawili wasingeweza kulikumbatia wakashikana mikono.

"Unaliona gogo lile?"

"Naliona, mzee," mjomba alisema.

"Lipasue, ulikaushe humuhumu bandani kwangu. Mbao zake zikikauka bila ufa, njoo unywe chai tupange siku. Ukitokea ufa, hata mwembamba kama unywele, chai utakunywa kwenu."

Sharti hilo halikuwa desturi ya mtu yeyote, alilitunga palepale. Mama alihisi ni mzaha, akauliza kwa kucheka, "Na mbao nene za mvule, mzee, zinachukua muda gani?"

"Muulize huyo. Si ndiye bingwa."

Mjomba alitoka, akaliwekea gogo kiganja, akalizunguka, akarudi. "Kwa unene huo, masika mawili. Na kiangazi juu yake."

Mama alimkanyaga mguu. Mtu anayeposa hapigi hesabu ya hasara yake mwenyewe kwa sauti. Nyuma ya mlango kopo la vanishi lilianguka, likabingirika, na hakuna aliyetoka kuliokota.

Kilichokuwa hatarini, basi, kilijulikana tangu siku hiyo, tena kilijulikana mtaa mzima, kwa sababu Fundi aliyarudia maneno yake mbele ya mchomeleaji na mbele ya msagaji, na mtu akishasema kwa mafundi wenzake harudi nyuma kirahisi.

Mjomba alilipasua gogo yeye mwenyewe. Kiini chake alikitoa akakiweka kando, maana ubao wenye kiini ndani yake hupasuka hata ukiombewa. Zilizobaki alizipaka nta nzito kwenye ncha. Akazipanga bandani juu ya matofali, mbali na unyevu wa sakafu, na kati ya ubao na ubao akaweka papi, yaani vijiti vyembamba vya mbao iliyokwisha kukauka, vyote vya unene mmoja, papi juu ya papi kwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu; kwani papi zikipishana, uzito huangukia pasipo na mhimili na ubao huota nundu. Juu ya rundo akaweka mawe. Katikati aliacha kipande kidogo cha mvule uleule, ambacho aliweza kukichomoa na kukipima kwa mizani. Uzito ukishuka polepole, mambo ni mazuri. Ukiacha kabisa kushuka, kazi imekwisha. Kila jioni akitoka kiwandani alipita, akakipima, akauweka uzito kichwani, akafunga madirisha, akaamkia, akaenda zake.

"Vipi?" binti alikuwa akimuuliza mlangoni, akijifanya anafagia.

"Bado."

"Jana ulisema bado."

"Na leo bado."

"Siku ukiulizwa kama umezaliwa, utasema bado."

Hapo ndipo jina lilipoanzia, nalo halikungoja mtu wa kulitangaza.

Masika ya kwanza yalipita salama. Kikaja kiangazi na upepo wake mkavu, ule unaopasua midomo ya watu na kuzikunja karatasi mezani. Kwa mkaushaji, huo ndio wakati wa hofu. Mjomba aliyafunga madirisha ya upande wa upepo, akaacha ya upande wa pili wazi kidogo tu. Na ni wakati huo mizani ilipoanza kusema mambo ya ajabu. Jioni moja kile kipande kilikuwa kimeshuka uzito kupita kiasi. Jioni iliyofuata kilikuwa kimepanda. Alibadilisha mizani, akaazima ya msagaji, ikasema vilevile. Mama alisema kaka yake alikonda katika siku zile, akawa anaongea peke yake, na akamuuliza dada yake kwa dhati kabisa kama mbao zinaweza kufuata mwezi kama maji ya bahari.

Hakujua kwamba mchana, akiwa kiwandani, banda lilikuwa na wageni wawili wasiojuana. Binti alikuwa akiingia baada ya chakula na kuyafungua wazi madirisha ya upande wa upepo. Alikuwa amejionea jinsi vanishi inavyokauka haraka upeponi, akaona kwa nini mbao zisifanye hivyo, na harusi ije mapema. Na Fundi, alasiri binti yake akijilaza, alikuwa akiingia na magunia yaliyolowa maji na kuyatandika juu ya rundo, ili masika mawili yawe matatu, na matatu yawe manne. Alikuwa hataki mbao zipasuke, haki ya Mungu. Alitaka tu zisikauke. Na kabla ya jioni kila mmoja alikuwa amekwisha kurudisha mambo yake kama yalivyokuwa.

Mchana mmoja mkanda wa mashine ulikatika kiwandani, wafanyakazi wakaruhusiwa. Mjomba akaja karakana saa ambayo hakuwahi kuja. Alipoingia bandani alikuta dirisha la upepo liko wazi, na hewa ya moto inapita juu ya mbao zake kama pumzi ya tanuri. Hakuona mtu, kwa kuwa binti, aliposikia viatu, alidhani ni baba yake akajificha nyuma ya rundo. Mjomba hajanyosha mkono kufunga dirisha, mlango wa uani ukafunguka, akaingia Fundi na gunia linalochuruzika maji.

Fundi aliganda. "Kumbe upo."

"Nipo, mzee. Mkanda umekatika."

"Pole."

"Ahsante. Na hilo gunia?"

Fundi alilitazama kana kwamba limewekwa mikononi mwake na mtu mwingine. "Panya," alisema.

"Panya?"

"Kuna panya humu. Wanasumbua."

Kutoka nyuma ya mbao ikaja sauti: "Panya wanaokamatwa kwa gunia la maji, baba?"

Mzee alishtuka hadi gunia likamponyoka. "Na wewe umejichimbia huko unatafuta nini?"

"Hewa."

"Hewa! Nyumba nzima haina hewa, hewa yote imejaa hapo nyuma ya mbao?"

"Haikuwepo. Ndiyo maana nimefungua dirisha."

Mjomba aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Mizani ya msagaji ilikuwa imesafishwa jina. "Tangu lini?" aliuliza.

"Mimi, tangu upepo uanze," binti alisema.

"Na mzee?"

"Tangu... kidogo."

"Kidogo gani, baba? Hilo gunia limeshaota kuvu!"

Mjomba hakupandisha sauti. Alifunga dirisha, akaondoa mawe, akalikagua rundo kuanzia juu. Ubao wa juu kabisa, ambao ndio uliolowekwa na ndio uliopigwa na upepo, nta ya ncha yake ilikuwa imebanduka kwa kusuguliwa na gunia. Na pale palipobanduka palikuwa na mstari, urefu wa kidole cha shahada.

Fundi alipitisha gumba. "Ufa," alisema, na mkaza mjomba aliapa mpaka uzeeni kwamba katika sauti ya baba yake hakusikia furaha, bali woga, kama mtu aliyerusha jiwe kwa mchezo likavunja kioo. "Sharti ni sharti. Mtaa mzima umelisikia."

"Baba, ufa huu tumeuzaa mimi na wewe," binti alisema, machozi yakimlengalenga. "Yeye hata ukoo nao hana!"

"Bado," mjomba alisema.

"Bado nini?" wote wawili waliuliza kwa pamoja.

"Mzee ulisema zikikauka. Hazijakauka. Hukumu yako ni ya mwisho wa kazi, si ya katikati." Akawasha jiko dogo la mkaa, akayeyusha nta, akaidondoshea ndani ya ule ufa tone kwa tone, akaipaka upya ncha nzima. Alipomaliza aliokota gunia. "Maji si mabaya, mzee, ila yasiguse mbao. Magunia yatundike kwenye madirisha ya upepo, upepo unywe kwanza kabla ya kuingia. Na wewe," akamgeukia binti, "madirisha ya upande wa pili yafungue asubuhi, hewa ingali baridi. Jua likipanda, funga."

"Sasa umeniajiri kwenye karakana yangu mwenyewe," Fundi alinung'unika.

"Mlikuwa mmeshajiajiri, mzee."

Toka siku ile rundo lilikuwa na walezi watatu, na mizani ikaacha wazimu. Baba na binti, ambao walikuwa wameanza kukwepana macho mezani, wakawa wanagombana kwa amani juu ya gunia lipi limekauka na dirisha lipi limesahauliwa. Mama yangu akipita kuwasalimu aliwakuta wote wawili uani, mmoja ana ndoo, mwingine ana kijiti cha kuegemeza dirisha, akarudi nyumbani akicheka njia nzima.

Jioni moja mawingu ya masika ya pili yalipoanza kujikusanya, Fundi alimsogelea mjomba aliyekuwa akipima kile kipande.

"Kwenu ni ng'ambo ya mto, siyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Mto ule masika hujaa."

"Hujaa."

"Basi masika mtu wa huko huja huku kwa taabu. Hata kumsalimia mzazi tu."

Mjomba aliendelea kupima. Alikuwa mtu asiyejibu swali kabla halijakauka. Lakini keshoye, akiwa amepiga magoti akikagua papi, aliuliza bila kuinua uso: "Mzee, kile chumba cha mabaki, hapo ubavuni mwa banda, kina mwenyewe?"

"Kina panya."

"Wale wa gunia?"

Fundi alikohoa.

"Nauliza kwa sababu mkausha mbao inafaa alale karibu nazo," mjomba alisema. "Mtu na nyumba yake. Kama hapana mwingine anayekitaka."

Fundi alisema chumba kile kinahitaji dirisha, na kwamba dirisha atalitengeneza yeye. Hawakulizungumza tena. Hata hivyo sharti lilibaki palepale. Lilikwisha kusemwa hadharani na mtu aliyekuwa amechekwa hadharani kwa sababu ya ufa. Kulifuta kungekuwa kuukaribisha ule mlango upasuke mara ya pili.

Masika ya pili yakaja yakapita, na kiangazi juu yake, kama mjomba alivyokadiria. Kile kipande kikaacha kushuka. Mjomba akangoja hali ya hewa ibadilike, akapima tena. Hakikushuka wala hakikupanda. Ndipo alipomwambia Fundi kwamba rundo linaweza kufunguliwa. Asubuhi hiyo mchomeleaji alizima moto wake, msagaji akafunga mashine akaja na unga kwenye nyusi, na mama yangu akaja amevaa nguo ya kwenda harusini, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa matumaini.

Mbao zilishushwa moja moja uani. Fundi alipitisha gumba kwenye kila ncha. Zilikuwa zimenyooka, zimebadilika rangi kutoka manjano ya ubichi kuwa kahawia ya asali, na ukizigonga zinalia. Ubao baada ya ubao alisema "hakuna", na kila aliposema, binti, aliyeegemea nguzo ya banda, alivuta pumzi. Ukabaki mmoja. Ule wa juu ulikuwa umeegeshwa ukutani peke yake, kama mtu aliyekuja kushtakiwa.

Fundi aliusimamia muda mrefu. Watu wote walikwisha kujua. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kutoka kwake: aliuweka ubao juu ya vigogo, akachukua msumeno, akakata ile ncha yenye ufa, ikaanguka chini. Akajifuta jasho.

"Nani anaona ufa hapa?" aliuliza kwa ukali.

"Mimi sioni," mchomeleaji alisema upesi.

"Hata mimi," msagaji alisema, ingawa macho yake yalikuwa yamejaa unga.

"Ubao umepungua tu," mama alisema. "Kupungua si kupasuka."

Fundi akamgeukia mjomba. "Na wewe?"

Mjomba alipiga magoti mbele ya ncha mpya. Akapuliza unga wa mbao. Akatia kidole ulimini, akakipitisha taratibu pale palipokatwa, maana ubao mkavu huficha ufa mwembamba, bali ukilowa kidogo, ufa hunywa maji ukajiandika mweusi. Akangoja.

"Bado, mzee."



"Wewe mtu!" binti alilipuka. "Bado nini tena? Si ungenyamaza?"

"Kaka, hebu funga huo mdomo," mama alisema.

"Upo," mjomba alisema kwa upole, uso umemwiva. "Mwembamba sana. Umeingia ndani kuliko tulivyodhani. Kata tena, mzee, upana wa vidole vinne."

Fundi alivaa miwani, akainama, akautafuta ule mstari, akauona. Alipoinuka sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikuwa nimekwisha kukupa, wewe. Hukuona?"

"Niliona. Lakini ungekuja kuuona ufa baadaye, ukiwa umekwisha kunipa."

Mzee alimtazama, kisha akaanza kucheka. Akacheka hadi akatafuta gogo la kukalia. "Masika mawili," alisema akipangusa macho, "masika mawili nimetafuta sababu ya kumnyima huyu, na nilipochoka ananitafutia yeye mwenyewe! Mimi siwezi tena. Leteni chai."

"Kata kwanza, mzee," mjomba alisema.

Fundi akakata. Mjomba akalowesha kidole, akapitisha, akangoja. Na watu wote wakangoja naye, hata kuku wa jirani, kwa mujibu wa mama, ambaye hapo nadhani alitia chumvi. Hapakuandikika kitu.

"Tayari," alisema.

Mkaza mjomba alishikilia kwamba hajapata kumsikia mumewe akilitamka neno hilo kabla ya siku ile. Alikuwa na hasira naye kiasi kwamba aliimimina chai yake bila sukari, kwa makusudi. Mjomba aliinywa yote, akaisifu.

Wakaishi ubavuni mwa banda, katika chumba chenye dirisha kubwa kuliko ukuta ulivyostahili. Fundi alizeeka mikononi mwao, akitundika magunia madirishani kila kiangazi hata pale hapakuwa na mbao za kulindwa, na akawa akiwaambia wateja, bila haya, kwamba mkwewe ni mtu mgumu kuridhika. Mjomba akaendelea na nta yake. Maisha yake yote hayakuwa na tukio jingine ambalo mtu angelisimulia: mbao ziliingia mbichi, zikatoka kavu, na milango ya mji ule, mingi ambayo leo imefunguliwa na kufungwa na vizazi vitatu, haijapasuka. Wanaoifungua hawajui kwamba kulikuwa na mtu aliyeombea ikae hivyo. Mwenyezi Mungu, ajuaye vilivyofichika, anajua.

Mbao ndefu za gogo lile Fundi alizitengenezea kitanda cha maharusi. Ule uliokatwa mara mbili haukufika urefu wa kitanda. Aliufanya uso wa meza. Juu ya meza hiyo nilisoma nilipokaa kwao nikiwa mwanafunzi, nikikariri matini za wahenga kwa sauti huku upande wa pili wa ukuta nikisikia mjomba akigonga mbao na kuzisikiliza zikimjibu. Nilimwonea wivu kidogo: zake zilijibu. Mara nyingine alisimama mlangoni na kopo la nta mkononi, akisikiliza nisomavyo. Akiniuliza kama nimeihifadhi sura, nami nikasema nimeihifadhi, aliniomba niirudie keshoye hali ya hewa ikibadilika.

Amekwisha kutangulia, na mama yangu pia. Mkaza mjomba, ambaye Mola amemjalia umri mrefu, yuko nyumbani kwangu sasa, na meza ilikuja pamoja naye. Alikataa kuja bila meza. Ndiyo ninayoandikia maneno haya. Kila upepo mkavu unapoanza kuvuma, mimi hulowesha kidole, nikakipitisha kwenye ile ncha iliyokatwa, nikangoja mstari mweusi. Leo asubuhi nimefanya hivyo.

"Hakuna kitu," nikamwambia.

Alikuwa dirishani, anafungua upande wa baridi kabla jua halijapanda. Hakugeuka.

"Bado," alisema.